Karatasi si Karatasi Tupu

Chai ya Meru husafiri ndani ya karatasi. Malori yanayopakia katika viwanda vya Imenti, Githongo, Kionyo na Kinoro huteremka kupitia Chuka na Embu, hukata katikati ya mpunga wa Mwea, kisha hufika Makutano, pale barabara ya Embu na Meru inapoungana na ile inayotoka Nyeri na Sagana. Kutoka hapo ni Thika, Nairobi, halafu Mombasa kwenye maghala ya mnada. Ni safari ya karibu kilomita 700, inayoanzia kwenye baridi ya Mlima Kenya na kuishia kwenye fukuto la Pwani, na muda wote huo majani yale yamo ndani ya mfuko wa karatasi ya kaki wa matabaka kadhaa, wenye utando wa alumini ndani ili unyevu na harufu visipenye. Mfuko mmoja huchukua zaidi ya kilo 50. Wapakiaji huurusha, huupanga juu ya mwenziwe, huukokota sakafuni, nao haupasuki.

Sasa chukua kipande cha gazeti, ukichovye katika maji kisha ukivute. Kitaachana bila ubishi. Vyote viwili ni karatasi, na vyote viwili vilianza maisha vikiwa mti. Nini basi kinachovitofautisha?

Sehemu ya jibu imo katika mti wenyewe. Nyuzi za msonobari ni ndefu, na zikipikwa kwa magadi makali na chumvi za salfa, kwa njia ambayo Mjerumani Carl Dahl aliivumbua mwaka 1879, hubaki nzima na imara. Karatasi ya gazeti kwa kawaida hutokana na mbao zilizosagwa au karatasi iliyorudiwa, na nyuzi zake ni fupi. Lakini kuna sehemu nyingine ya jibu ambayo haionekani kwa macho na haiandikwi popote kwenye mfuko. Ni kilo chache, au makumi machache ya kilo, za kemikali kwa kila tani ya karatasi, na nyingi kati ya kemikali hizo ni za ukoo uleule wa polima tunaouhusisha na plastiki.

Hilo huwashangaza watu, na naelewa kwa nini. Tangu Agosti 28, 2017, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini na faini kuwekwa hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka minne, tumejifunza kuigawa dunia mara mbili. Upande mmoja yuko plastiki, mhalifu. Upande wa pili yuko karatasi, mtoto wa nyumbani asiye na hatia. Tembea Makutano ya pili, ile iliyo Meru mjini upande wa barabara iendayo Nanyuki, yenye maduka, mikahawa na vilabu visivyolala, uone jinsi mtoto huyo alivyokaribishwa. Chipsi huwekwa kwenye mfuko mdogo wa kaki. Unga wa kilo mbili umo kwenye pakiti ya karatasi. Saruji ya kilo 50 imerundikwa mlangoni mwa duka la vifaa vya ujenzi. Mayai yamekaa kwenye trei za kijivu, tishu zimepangwa juu ya rafu, na katoni tupu zimekandamizwa na kufungwa kamba zikimngoja mnunuzi wa taka. Miraa peke yake ndiyo imekataa mtindo huu mpya: bado inafungwa kwa majani ya mgomba, na hakuna kiwanda kilichokwisha kumpa mchuuzi kitu kinachoihifadhi kwa bei ile.

Marufuku ya 2017 ilikuwa ya haki, kwa maoni yangu, na yeyote anayekumbuka mitaro yetu ilivyokuwa hatabisha. Ila ilituachia dhana nyepesi mno kuhusu karatasi. Suala la kujadili ni polima gani imo ndani ya karatasi, kiasi gani, na imetoka wapi. Ni nadra kupata karatasi ya kisasa isiyo na polima ya kuongezewa, na kadiri tunavyoirudia karatasi kuitumia upya, ndivyo inavyozidi kuzihitaji.

Polima ni molekuli ndefu iliyoundwa kwa vipande vidogo vinavyofanana, mithili ya shanga zilizotungwa kwenye uzi mmoja. Selulosi, ambayo ndiyo mwili wa pamba, mti na nyasi, ni polima ya glukosi. Wanga wa mahindi na muhogo nao ni polima ya glukosi hiyohiyo, tofauti ikiwa ni namna vipande vilivyoshikana. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayotufanya tule ugali na tusile mbao. Polietilini ya mfuko uliopigwa marufuku ni polima pia, ila imetoka kwenye mafuta ya petroli na gesi, na vijidudu vya udongoni havijui pa kuianzia.

Kuthibitisha kwamba karatasi ina wanga hakuhitaji maabara. Kila mtoto aliyesoma sayansi Kenya amewahi kudondoshea jani iodini akingoja ligeuke rangi ya samawati nzito. Nilinunua chupa ndogo ya iodini, ile ya kupaka kwenye vidonda, nikakaa nayo mezani. Tone la kwanza liliangukia ukurasa wa daftari la shule, na kabla sijafunga kizibo doa lilikuwa limekwisha kuwa jeusi lenye zambarau pembeni. Mshono wa pakiti ya unga, pale ilipogundishwa, ulikolea zaidi. (Ndani ya pakiti hakupimiki, kwa sababu vumbi la unga lenyewe ni wanga na kila kitu kinakuwa cheusi.) Noti ya shilingi 100 ilibaki na doa la kahawia tu, rangi ya iodini yenyewe, kwa kuwa karatasi ya noti hutengenezwa kwa pamba na haitiwi wanga. Hiyo ndiyo siri nzima ya zile kalamu za kutambua noti bandia: zina iodini, na anayechapa noti kwenye karatasi ya kawaida ya dukani huumbuliwa na wanga.

Wanga huu haukuanza jana. Watengeneza karatasi wa ulimwengu wa Kiislamu, waliojifunza ufundi huo Samarkand katika karne ya 8, walipaka karatasi zao wanga ili wino usisambae. Waitaliano wa Fabriano wakaleta mtindo wa kuichovya kwenye gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama. Misahafu iliyonakiliwa Siyu, katika kisiwa cha Pate, kwenye karne ya 18 na 19, iliandikwa kwenye karatasi iliyosafirishwa kutoka Ulaya, na mistari yake ya wino ingali imesimama wima hadi leo. Kisha mwaka 1807 Mjerumani Moritz Friedrich Illig akatangaza njia ya bei nafuu zaidi: utomvu wa msonobari uliochanganywa na shabu, ukiingizwa moja kwa moja ndani ya rojo ya nyuzi kabla karatasi haijaundwa. Viwanda vilishangilia. Maktaba zililia baadaye, kwani shabu huacha asidi, na asidi huzila nyuzi polepole mpaka ukurasa unakuwa wa manjano na kuvunjika ukikunjwa. Ndiyo maana kitabu cha mwaka 1780 mara nyingi kina afya kuliko faili la ofisi ya serikali la mwaka 1950. Kemikali za kuzuia maji zilizoanza kutumika miaka ya 1950 ndizo zilizoviwezesha viwanda kuachana na asidi, na hapo ikawezekana pia kujaza karatasi kwa unga mweupe wa mawe ya chokaa, ambao katika mazingira ya asidi ungeyeyuka ukitoa povu.

Ndani ya kiwanda, tatizo la kwanza ni maji. Rojo inapomwagwa juu ya wavu wa mashine huwa ni maji kwa asilimia 99 au zaidi. Nyuzi ni chini ya asilimia moja. Kwa sekunde chache tu maji lazima yachuje, na kilichobaki juu kiwe ndicho karatasi. Lakini ndani ya rojo hiyo mna vipande vidogo vya nyuzi na chembe za chokaa au udongo wa kaolini ambazo ni ndogo kuliko matundu ya wavu. Pasipo kuzizuia, huteremka na maji. Katika karatasi ya kuandikia, madini hayo yanaweza kuwa asilimia 20 ya uzito wote, kwa hiyo kuyapoteza ni kupoteza fedha, na kuyamwaga ni kuchafua mto.

Asili imeweka kikwazo hapo. Nyuzi za selulosi zikiwa majini huwa na chaji hasi, na chembe nyingi za madini nazo hivyohivyo. Vitu vyenye chaji moja husukumana. Ndipo huingia poliakrilamaidi, polima ndefu mno iliyotengenezwa iwe na chaji chanya. Mkono mmoja unashika uzi, mwingine chembe ya chokaa, na vyote vinajikusanya katika mabonge madogo yasiyopita kwenye wavu. Kinachotumika ni gramu mia chache kwa tani nzima ya karatasi. Ukizidisha, mabonge yanakuwa makubwa na karatasi inatoka na mawingu ukiinyanyua kwenye mwanga. Kazi ya fundi wa mashine, zamu baada ya zamu, ni kulinda kipimo hicho.

Wanga nao hufanyiwa vivyo hivyo. Wanga wa kawaida hauna chaji ya maana, kwa hiyo ukiumwaga kwenye rojo nusu yake itaondoka na maji. Viwanda hutumia wanga uliobadilishwa na kupewa chaji chanya, kilo 5 hadi 20 kwa tani, nao hung'ang'ania nyuzi na kuongeza mahali zinaposhikana. Baadaye, karatasi ikishakauka nusu, hupitishwa kwenye bafu la wanga mwingine ili uso wake uwe mgumu na laini. Hapo huingia kilo 30 hadi 60 kwa tani. Katoni yenyewe hugundishwa kwa wanga: tabaka la katikati lenye mawimbi hushikana na yale mawili ya nje kwa uji wa wanga, magadi na boraksi unaoiva kwa joto la mashine. Ukipima polima zote zinazoongezwa kwenye karatasi duniani kwa uzito, wanga unaziacha nyingine mbali sana.

Ufundi huu wote uliwahi kufanyika hapa nyumbani kwa kiwango kikubwa. Pan African Paper Mills ya Webuye, ambayo kila mtu aliiita Panpaper, ilianza kuzalisha mwaka 1974 kando ya mto Nzoia, kwa ubia wa serikali ya Kenya, shirika la fedha la IFC lililo chini ya Benki ya Dunia, na Orient Paper Mills ya ukoo wa Birla kutoka India. Miti ilitoka katika mashamba ya serikali, ikapikwa, ikasafishwa, ikawa karatasi ya kuandikia, ya kufungashia na ya katoni. Mji wa Webuye ulikua juu ya mgongo wa kiwanda hicho. Wakazi walilalamikia harufu ya salfa na mabati yaliyokuwa yakilika kabla ya wakati wake, na maji machafu ya Nzoia yalizua lawama mwaka hadi mwaka, lakini siku za mshahara mji ulikuwa na uhai.

Januari 2009 mitambo ilinyamaza. Madeni yalikuwa yamefika shingoni, na bili za umeme na mafuta haziwezi kulipwa kwa ahadi. Jaribio la kukifufua mwaka 2010 halikudumu. Mwaka 2016 mali za kiwanda ziliuzwa kwa kundi la Rai kwa shilingi milioni 900, bei ambayo wengi waliiona ya kutupa. Familia hiyo ya Rai ndiyo inayomiliki pia kiwanda cha Mgololo, wilayani Mufindi, Tanzania, kilichojengwa na serikali ya Tanzania miaka ya 1980 karibu na misonobari ya Sao Hill na kubinafsishwa mwaka 2004. Mgololo ndiko kunakopikwa karatasi ya kaki ya mifuko, ya ukoo uleule na mfuko wa chai nilioanza nao.

Kuzimika kwa Webuye kulibadilisha aina ya karatasi tunayoitengeneza. Pasipo kiwanda cha kupika miti, kinachobaki ni viwanda vinavyotumia karatasi taka, vingi vikiwa Nairobi na viunga vyake, kama vile Chandaria Industries na tishu zake. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, amri iliyokaa hadi Rais William Ruto alipoiondoa Julai 2023, na nyuzi mpya za humu nchini zikawa adimu zaidi. Katoni zilizofungwa kamba pale Makutano ya Meru basi si takataka. Ndizo msitu wetu wa sasa, na wanaozikusanya kwa mkokoteni ndio wakataji wake wa miti.

Msitu huo una kasoro moja. Kila uzi unapokaushwa, unasinyaa na kukakamaa, na ukirudishwa majini haunyonyi tena kama awali. Hukatika pia wakati wa kusagwa. Baada ya kurudiwa mara 5 hadi 7 hivi, haufai tena kwa karatasi na huishia kwenye matope ya kiwanda. Karatasi iliyotengenezwa kwa nyuzi zilizochoka huwa dhaifu, na mwenye kiwanda ana njia mbili za kuipa nguvu: kuagiza nyuzi mpya ndefu kutoka nje, au kuongeza polima. Ya pili ni nafuu, kwa hiyo ndiyo inayofuatwa. Katoni iliyorudiwa bila wanga wa kutosha utaijua ghalani: ile ya chini kabisa kwenye rundo hubonyea, kisha ya juu yake huinama, na asubuhi unakuta rundo zima limelala upande. Nasi tuna mazao yanayosafiri ndani ya katoni kila siku, kuanzia maembe ya Embu hadi parachichi za Meru.

Kuna polima moja inayostahili kutazamwa kwa karibu kuliko nyingine, kwa sababu inagusa midomo yetu. Karatasi ya kawaida ikilowa hubaki na chini ya sehemu moja ya kumi ya nguvu yake. Maji huingia kati ya nyuzi na kuzifungua mikono. Mwaka 1960 mwanakemia Gerald Keim wa kampuni ya Hercules, Marekani, alipewa hataza ya utomvu wa kutengenezwa ambao hujiunganisha wenyewe na nyuzi karatasi inapopita kwenye mapipa ya joto, na kufanya wavu ambao maji hayawezi kuufungua. Kabla yake kulikuwa na tomvu za fomaldehaidi, ambazo Wamarekani walizitumia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kuchapa ramani zisizoraruka mvuani. Uvumbuzi wa Keim haukuhitaji asidi, na leo ndio uliomo katika tishu za jikoni, katika karatasi nyingi zinazolazimika kuvumilia maji, na katika mfuko mdogo wa chai unaotumbukizwa kwenye kikombe. Kilo 3 hadi 10 kwa tani hutosha kuifanya karatasi ibaki na robo au theluthi ya nguvu yake ikiwa imelowa. Kitu cha kufurahisha ni kwamba utomvu huo hauishi kukomaa siku karatasi inapotoka mashinani. Roli huendelea kupata nguvu ghalani kwa siku kadhaa.

Niliweka majini kipande cha tishu ya chooni na kipande cha karatasi ya mfuko wa chai, bakuli moja. Nilipokoroga kwa kijiko, tishu ilikwisha kuwa uji, kama inavyotakiwa ili isizibe bomba. Karatasi ya chai ilizunguka na maji, nikaikamua, nikaianika kwenye ukingo wa dirisha, na jioni ingeweza kutumika tena. Nguvu hiyo ina mizizi miwili: nyuzi ndefu za katani ya Manila, mmea wa jamii ya migomba unaolimwa sana Ufilipino, na ule utomvu. Mifuko mingi ya aina hii huwekwa pia nyuzi kidogo za plastiki ili iweze kuzibwa kwa joto.

Je, ni salama? Utomvu wa Keim hutengenezwa kwa epiklorohidrini, kemikali yenye sumu, na katika kupikwa kwake huzaliwa mabaki mawili yenye klorini ambayo shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, limeyaweka katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Watengenezaji wamekuwa wakiyapunguza kizazi hadi kizazi, na Ujerumani imeweka kikomo kilicho bayana kwa karatasi inayogusa chakula: moja la mabaki hayo lisizidi mikrogramu 12 katika lita ya maji yaliyoloweshwa karatasi hiyo, na la pili lisionekane kabisa kwa kipimo cha mikrogramu 2. Karatasi inayokidhi masharti hayo sioni sababu ya kuiogopa. Wasiwasi wangu ni kwamba mfuko wa kaki unaotiwa chipsi au nyama choma Makutano ya Meru hauna maandishi yoyote ya kumwambia mnunuzi kama umetengenezwa kwa ajili ya chakula au kwa ajili ya misumari. Mafuta ya moto ni hodari wa kuvuta vitu kutoka kwenye karatasi kuliko maji. Marekani ilitangaza Februari 2024 kwamba kemikali za jamii ya PFAS, zilizokuwa zikipakwa kwenye karatasi ili mafuta yasipenye, haziuzwi tena nchini humo kwa ajili ya vifungashio vya chakula. Mfuko wetu wa chipsi unaovuja mafuta hadi kwenye kiganja una angalau fadhila hiyo: kuvuja kwenyewe ni ushahidi kwamba haukupakwa kitu cha kuzuia.

Ule utafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, wa mwaka 2019 uliowatisha wanywaji wa chai, kuhusu mabilioni ya chembe za plastiki zinazotoka kwenye mfuko mmoja, ulihusu mifuko ya nailoni na plastiki nyingine inayong'aa. Haukuwa wa karatasi. 

Tatizo la utomvu wa Keim linarudi kupitia mlango wa nyuma. Karatasi isiyofunguka majini haifunguki pia kiwandani inaporudishwa kusagwa. Huhitaji maji moto, magadi na muda, na wenye viwanda huikataa. Vikombe vya karatasi vya kahawa vilivyobandikwa polietilini ndani, na pakiti za maziwa zenye karatasi robo tatu, plastiki na alumini, huangukia fungu hilohilo. Mwokota taka hulijua jambo hili bila kusoma kemia. Katoni anaichukua, ukurasa wa daftari anauchukua, kikombe anakiacha. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inamtaka mtengenezaji kuwajibika kwa kifungashio chake hata baada ya kukiuza. Hapo ndipo swali la polima gani imo ndani linapopata mtu wa kuliuliza rasmi, kwa sababu anayelipia ukusanyaji atataka kujua ni kipi kinasagika.

Nyuzi mpya zingeweza pia kutoka mashambani. Huko Mwea wakulima wana nyuzi ambazo hawajaziuza kwa mtu wa karatasi. Baada ya kuvuna, nyasi za mpunga hufungwa marobota kwa ajili ya ng'ombe, na nyingine huchomwa shambani. Misri iliwahi kutengeneza karatasi kwa nyasi za mpunga katika kiwanda cha Rakta, Alexandria, kwa hiyo si ndoto. Ila nyasi hizo zina silika nyingi inayogandia kwenye mitambo ya kurejesha kemikali, nyuzi zake ni fupi, na rojo yake huchuja maji polepole kiasi cha kumkera fundi. Dawa ya uchujaji wa polepole ni ileile: polima yenye chaji chanya. Ng'ombe watalipa vizuri zaidi kwa muda mrefu ujao.

Muhogo una nafasi nzuri kuliko nyasi, si kwa nyuzi bali kwa wanga. Kenya iliwahi kuwa na kiwanda cha wanga wa mahindi Eldoret, cha kampuni ya Corn Products, lakini mahindi ni chakula cha kwanza cha nchi hii na bei yake hupanda kila mvua inapogoma. Kiwanda cha gundi hakiwezi kushindana na sufuria. Mbeere, kusini mwa Embu, ni nchi kavu ambako muhogo hustahimili pale mahindi yanapokauka. Chukulia kiwanda cha wastani kinachotoa tani 100 za karatasi kwa siku. Kikitia kilo 10 za wanga kwenye rojo na kilo 40 juu ya uso wa kila tani, kinahitaji tani 5 za wanga kila siku. Muhogo mbichi hutoa wanga kama robo ya uzito wake au pungufu kidogo, kwa hiyo ni tani 20 hadi 25 za muhogo, siku kwa siku, mvua na kiangazi. Huo ni mzigo wa malori mawili au matatu, nao huanza kuharibika siku ya pili au ya tatu baada ya kung'olewa. Wakulima wa Mbeere wametawanyika, kila mmoja na ekari moja au mbili, na safari ya kutoka Siakago, huko Mbeere, hadi viwanda vya Nairobi na viunga vyake kupitia ile Makutano ya kwanza haiungoji muhogo.

Njia inayowezekana ni kuusaga na kuukausha hukohuko, kisha kusafirisha unga mkavu wa wanga unaoweza kukaa miezi. Bado utakuwa wanga wa kawaida, unaofaa kwa gundi ya katoni na kwa bafu la uso, ambako ndiko kunakokwenda kilo 40 kati ya zile 50. Kilo 10 zilizobaki zinahitaji chaji chanya, na kemikali ya kuupa wanga chaji hiyo hutengenezwa, mara nyingi, kwa epiklorohidrini, ileile inayotumika kutengeneza utomvu wa mfuko mdogo wa chai. Hiyo italazimika kuja kwa meli, ipokewe Mombasa, na kupanda barabara ambayo chai inaiteremka.